Gurudumu ni Mwongo, Angalia Jiwe

Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi wa magari, jijini Mbeya

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mlioamka na baridi hii ya Mbeya mkapanda daladala kuja kutusikiliza, mafundi wenzangu wa gereji, na ninyi vijana mliokaa nyuma kabisa mkidhani sitawaona. Shikamooni wakubwa. Wa Rungwe na Kyela, ndaga. Wa Iringa na Njombe, kamwene. Wengine wote, habari za asubuhi.

Nilipoitwa niliambiwa nizungumze kuhusu teknolojia na vijana. Mada hiyo nimeikimbia. Nimeisikia mara nyingi mno kwenye mahafali, na kila mara nawaona vijana wakisinzia, na siwalaumu. Nimeomba ruhusa kwa mkuu wa chuo nizungumze kuhusu kukwama. Kukwama kwenye tope, kukwama kwenye mchanga, na hasa kukwama mahali ambapo hakuna watu wa kusukuma, hakuna trekta la kuvuta, wala hakuna fundi wa kupigiwa simu. Mahali penyewe ni sayari ya Mirihi.

Lakini tuanzie Makete.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alikuwa akishusha viazi na mbao kutoka Makete kuja Mbeya, na kila likizo mimi nilikuwa utingo wake. Wanaoijua njia ya Isyonje kupanda Kikondo kabla haijaguswa na greda hawahitaji maelezo. Masika yakikolea, udongo ule unakuwa kama umepakwa sabuni. Usiku mmoja wa mwezi wa nne, ukungu umeshuka mpaka huoni taa yako mwenyewe, lori likaanza kuunguruma kwa sauti ile ambayo kila utingo anaijua. Baba yuko ndani, mshale wa spidi unasoma ishirini. Akatoa kichwa dirishani: "Linakwenda?" Mimi niko nje na gogo la kuzuia tairi mkononi. Nikatazama tairi la nyuma. Linazunguka vizuri kabisa, linanirushia tope mpaka mdomoni. Nikajibu kwa nguvu, "Linakwenda, baba!" Akaongeza mafuta.

Aliposhuka na tochi, ekseli ilikuwa imelala kwenye tope. Nilijua nachapwa. Hakunichapa. Aliokota jiwe la ukubwa wa ngumi, akaliweka chini pembeni ya tairi, akaniambia: "Kuanzia leo usiangalie gurudumu. Gurudumu ni mwongo. Angalia jiwe. Jiwe likibaki nyuma yetu, tunakwenda. Jiwe likiwa palepale, nipigie kelele nizime."

Mshale ule wa spidi unapata habari zake kutoka kwenye gia boksi. Gia boksi inajua shafti inazunguka. Haijui kama Makete inasogea. Ninyi mtakaofungua gia boksi muhula ujao mtaona wenyewe hakuna mahali popote ndani yake ambapo barabara imeunganishwa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa fizikia mwenye miwani na deni la benki, nilianza kusoma jinsi Wamarekani wanavyoendesha vigari vyao vya roboti huko Mirihi. Wao huviita rova. Mimi nitasema vigari, maana ni magari, yana magurudumu sita, na yanakwama. Nilisoma nikitegemea kukutana na mambo ya ajabu ambayo baba yangu asingeyaelewa. Nikakutana na lile jiwe.

Kwanza tuelewe kwa nini hakuna mtu anayekalia usukani. Mawimbi ya redio yanasafiri kwa kasi ya mwanga, na mwanga haungojei wala haukimbii zaidi ya hapo. Mwezi uko kama kilomita 384,000 kutoka hapa. Ukituma amri ikaenda na picha ikarudi, zimepita sekunde mbili na nusu hivi. Wasovieti walifanikiwa kuendesha gari mwezini namna hiyo. Mwaka 1970 walipeleka Lunokhod 1, kitu cha magurudumu manane kinachofanana na beseni lenye mfuniko, na watu wakakaa duniani mbele ya televisheni wakikiongoza. Mwaka 1973 Lunokhod 2 kilitembea kilomita 39, halafu kikaingia kwenye shimo, mfuniko ukachota vumbi kwenye ukingo, vumbi likamwagikia sehemu ya kupooza joto, kikaiva. Hao walikuwa na ucheleweshaji wa sekunde tu.

Kwenda Mirihi, ujumbe unachukua kama dakika 3 sayari zetu zikikaribiana sana, na hadi dakika 22 zikiwa pande mbili za Jua. Kwenda tu, bado kurudi. Sasa fikiria unashuka kona za mlima Kitonga. Unaona kona kwenye skrini. Ulichokiona kilitokea robo saa iliyopita. Ukikanyaga breki sasa hivi, breki inafika robo saa ijayo. Lori lako liko bondeni nusu saa nzima, na wewe bado unaona kona.

Kwa hiyo dereva wa Mirihi ni mtu wa kuandika barua. Jioni ya huko, kigari kinatuma picha kupitia setilaiti zinazoizunguka sayari ile. Kule Pasadena, California, kwenye JPL, maabara ya shirika la anga la Marekani, timu inavaa miwani ya kuona kina, inazitazama picha hizo, inabishana. Jiwe lile ni la kukwepa au la kupanda? Mchanga ule ni mgumu au ni unga? Kisha wanaandika maagizo ya kesho: nenda mbele mita kadhaa, pinda nyuzi kadhaa, ukiinama kupita kiasi simama, ukizama simama, piga picha, lala. Kunapokucha Mirihi barua inatumwa. Halafu hao watu wanarudi nyumbani. Sikiliza hilo vizuri: kigari kinapotembea kwenye mawe, dereva wake yuko kitandani. Na kwa sababu siku ya Mirihi ni saa 24 na dakika 39 na ushee, miezi ya mwanzo ya safari timu inafuata saa ya Mirihi, leo wanaanza kazi saa mbili asubuhi, wiki chache baadaye wanaanza usiku wa manane. Kuna madereva wa usiku wa Tunduma hapa watasema hicho si kitu kigeni.

[Vicheko]

Mzee mmoja aliniuliza pale nje kabla hatujaingia: "Mwalimu, huko viazi vinaota?" Mzee wangu, haviotu—samahani, havioti. Baridi ya huko usiku inaifanya Kitulo ionekane kama Kyela, hewa ni nyembamba mno, na hakuna tone la mvua. Kuna mawe, mchanga, vumbi na magenge. Kwa dereva hayo yanatosha.

Sasa tuseme kigari kimepewa barua: nenda mbele mita 20. Kitajuaje kwamba kimekwenda mita 20? Huko hakuna setilaiti za kuongoza njia kama hizi za kwenye simu zenu. Dira nayo haina kazi, kwa sababu Mirihi haina usumaku unaoizunguka sayari nzima kama dunia yetu. Kikitaka kujua kaskazini iko wapi, kigari kinapiga picha ya Jua, kinaangalia saa yake, kinapiga hesabu. Mchungaji wa Usangu anayejua njia kwa kivuli chake mwenyewe anafanya hesabu hiyohiyo bila kalamu. Kwa kuinama na kupinda kuna vifaa vya ndani vya kupima mzunguko. Lakini umbali? Umbali, kitu cha kwanza kinachokuja akilini ni kuhesabu mizunguko ya gurudumu.

Chukueni kalamu. Gurudumu la Curiosity, kigari kilichotua tarehe 6 Agosti 2012, lina kipenyo cha sentimita 50. Mzingo wake ni kiasi gani? ...Ndiyo, zidisha kwa pai. Kama sentimita 157. Mizunguko kumi ni mita 15.7, ningesema karibu mita 16. Rahisi, sawa? Hesabu hiyo ni sahihi kwenye lami ya Soweto, mtaa wetu hapa Mbeya. Kwenye mchanga ni uongo mtupu.

Niwape mfano mmoja ambao nikiusoma namuona baba na tochi yake. Opportunity, kigari kilichotua Januari 2004, mwezi Machi 2016 kiliagizwa kupanda mteremko wa nyuzi 32, mkali kuliko wowote kiliowahi kuujaribu. Magurudumu yalizunguka kiasi ambacho, pasipokuwa na utelezi, kingepanda mita 20. Unajua kilipanda kiasi gani? Sentimita 9. Mita 20 za gurudumu, sentimita 9 za mlima! Gurudumu lilikuwa linasema "linakwenda, baba", kwa sauti yangu ileile.

Waliujuaje ukweli? Kwa jiwe. Kigari kina macho mawili, kamera mbili zilizopachikwa kando kwa kando juu ya mlingoti. Za Curiosity zimeachana kama sentimita 40. Funga jicho moja, tazama kidole chako, kisha badilisha jicho. Kidole kimeruka, si ndiyo? Kilicho karibu kinaruka sana, kilicho mbali kinaruka kidogo. Kompyuta inapima huko kuruka, inapata umbali wa kila jiwe mbele yake. Halafu kigari kinasogea kidogo, kinasimama, kinapiga picha tena. Kompyuta inatafuta mawe yaleyale: ile ncha nyeusi, ule ufa, ile pembe iliyovunjika. Kama mawe yamekaribia kwa sentimita 60, tumekwenda sentimita 60, hata gurudumu liseme mita tano. Kama mawe yako palepale, zima.

Hayo ndiyo yote. Watu wenye shahada tatu tatu wameliandikia jina refu, lakini ni utingo na jiwe.

Kuna jambo moja dogo kwenye magurudumu ya Curiosity ambalo nalipenda kuliko injini yoyote. Kwenye bati la gurudumu wametoboa matundu kwa mpangilio, mafupi na marefu. Gurudumu likizunguka linaacha alama kwenye vumbi, nukta na mistari, na kwa lugha ya kale ya simu za upepo alama zile zinasomeka JPL. Utasema ni majivuno, na majivuno yamo. Lakini jangwani kuna sehemu mchanga ni laini kama kanga iliyopigwa pasi, hakuna jiwe hata moja la kuuliza. Hapo kigari kinageuza shingo, kinatazama nyayo zake chenyewe, kinapima kutoka alama hadi alama. Alama zikiwa zimeachana sawasawa, safi. Zikiwa zimebanana, tunateleza. Palipokosekana jiwe wameamua kubeba jiwe lao.

Mtaniuliza, kama dawa ipo, kwa nini bado vinakwama? Swali zuri, na jibu lake ni la aibu kidogo: kwa sababu kuangalia jiwe kunachukua muda. Kompyuta ya Opportunity ilikuwa inakwenda kwa megahezi 20. Simu ya mwanafunzi yeyote humu inaizidi mara nyingi sana. Ni ya taratibu kwa sababu imejengwa kustahimili mionzi inayoua kompyuta za kawaida. Kulinganisha picha mara moja tu kuliichukua dakika mbili tatu. Kwa hiyo palipoonekana salama, walikuwa wanasema, hapa nenda tu kwa kuhesabu magurudumu. Na hapo ndipo tabia ya madereva wa dunia nzima inapojionyesha. Kitonga hakuna anayesinzia. Ajali inakungoja kule kwenye tambarare.

Tarehe 26 Aprili 2005, Opportunity kiko kwenye uwanda mpana uliojaa vituta vidogo vya mchanga, vitu visivyofika hata goti. Kimeshavuka vya namna hiyo vingi bila shida. Kimepewa karibu mita 90 za kwenda bila kuangalia mawe. Katikati ya safari magurudumu yakaanza kuzama kwenye kituta kimoja. Kigari hakikujua. Barua inasema mita 90, gurudumu linahesabu, mizunguko inaongezeka, na kila mzunguko unachimba zaidi. Kilipomaliza "mita zake 90" kilituma picha nyumbani, magurudumu yote sita yamezikwa hadi katikati.

Hapa sasa fundi anatofautiana na mwenye pupa. Hawakukanyaga mafuta. Walikaa wiki nzima na zaidi bila kugusa kitu. Pale Pasadena walichanganya mchanga, udongo wa mfinyanzi na unga wa aina nyingine, wakajaribu mchanganyiko baada ya mchanganyiko mpaka wakapata tope kavu linaloshika gurudumu kama lile la Mirihi. Wakachukua kigari cha mazoezi, wakakizamisha makusudi, wakajaribu kukitoa. Kutoa kwa kona, kutoa kwa kurudi nyuma, kutoa kwa kuyumba. Mwisho wakachagua njia ya kawaida kabisa ambayo wengi wenu mngeitaja mkiwa mmefunga macho: nyoosha magurudumu, rudi ulikotoka, polepole. Kila siku wanazungusha kidogo, wanapiga picha, wanaangalia jiwe. Magurudumu yalizunguka jumla ya karibu mita 190, na kigari kikasogea takriban mita moja tu. Tarehe 4 Juni kilitoka. Zaidi ya wiki tano kwa kituta kisichofika goti.

Baada ya hapo barua zikabadilika. Hata kwenye tambarare, kila baada ya hatua kadhaa kigari kinasimama, kinauliza mawe, na kama utelezi umezidi kiwango, kinakaa hapohapo kusubiri maelekezo. Kilikuja kuishi hadi Juni 2018, dhoruba ya vumbi ilipofunika sola zake. Kilipangiwa siku 90. Kiliishi miaka 14 na kutembea zaidi ya kilomita 45. Ndiyo, ninyi mnaocheka, najua ni chini ya safari ya kutoka hapa mjini hadi Tukuyu. Nitajie lori lililokwenda miaka 14 bila mtu kuligusa spana.

Tuje kwenye chasisi, maana naona mafundi wanaanza kunitazama kama mwanasiasa aliyesahau barabara.

Kigari hakina propela shafti, hakina gia boksi ya kugawana, hakina springi hata moja. Kila gurudumu lina mota yake ndani. Kwenye lori la baba, tairi moja likipata utelezi diferenshali inalipa lile linaloteleza nguvu zote, na lile lenye kushika linakaa bure. Kule kila tairi linajitegemea, na yale manne ya kwenye kona yanaweza kupinda yenyewe, kwa hiyo kigari kinaweza kugeuka palepale kilipo, kama mcheza ngoma. Badala ya springi kuna mikono. Kila upande una mkono mrefu wenye gurudumu moja mwishoni, na kwenye ncha yake nyingine kuna mkono mfupi unaobembea wenye magurudumu mawili. Gurudumu la mbele likipanda jiwe, mkono unabembea, mengine matano yanabaki chini yamekanyaga. Na pande mbili za gari zimeunganishwa ili upande mmoja ukipanda, mwingine usukumwe chini. Mwili wa gari unainama nusu tu. Kaeni kwenye benchi la miguu minne hapo nje kwenye changarawe, litacheza. Kaeni kwenye kigoda cha miguu mitatu, hakichezi kamwe. Hiyo mikono inafanya magurudumu sita yawe na tabia ya kigoda. Kigari kinaweza kupanda jiwe lenye kimo cha gurudumu lake lenyewe. Jaribu hilo na Noah.

Lakini hakuna kifaa kisichokuwa na adui. Curiosity kina uzito wa kama kilo 900, na bati la gurudumu lake, katikati ya mbavu za kushikia, lina unene wa robo tatu ya milimita. Ilibidi liwe jepesi. Mwaka 2013 wakaanza kuona kwenye picha matundu ambayo hawakuyatoboa wao. Mawe yenye ncha yaliyochomekwa ardhini, yasiyosogea, yalikuwa yanatoboa alumini kama msumari unavyotoboa mfuko wa karatasi. Na kosa lilikuwa na sababu ya kifundi: magurudumu yanaposukumana kwa kasi isiyolingana, ya mbele na ya katikati yanakandamizwa kwenye ncha. Walifanya mambo mawili. Walibadilisha njia, wakakubali kuzunguka mbali wapite kwenye mabonde ya mchanga. Na mwaka 2017 waliingiza programu mpya inayopunguza kasi ya gurudumu linalopanda au kushuka jiwe ili lisibishane na wenzake. Gari liko Mirihi, na walilitengeneza kwa kubadilisha namna linavyoendeshwa. Perseverance, kilichofuata Februari 2021, kikapewa bati nene zaidi na mbavu 48 zilizopinda kidogo badala ya zile 24 za pembe kali. Pia kikapewa kompyuta ya pili kwa kazi ya kuchambua picha, kwa hiyo kinaangalia mawe huku kinatembea. Vile vya zamani vilisimama kwanza ndipo vifikiri. Hapo ndipo utingo alipopandishwa cheo.

Spirit, pacha wa Opportunity, nitakisema kwa kifupi ingawa moyo wangu uko kwake. Machi 2006 gurudumu lake la mbele kulia lilikufa. Wakaamua kitembee kinyumenyume, kikiburuta lile bovu kama mtu anayevuta mguu uliovunjika. Mwaka 2007 ule mguu mbovu ulichimba mfereji, na ndani ya mfereji kukaonekana udongo mweupe. Walipoupima, karibu wote ni silika, aina ya kitu kinachoachwa na maji ya moto au mvuke kutoka ardhini. Wa Songwe mnajua, maji ya moto ya kwenu yanaacha mawe ya chokaa ambayo watu wanachonga marumaru. Yale ya Mirihi yaliacha silika. Lakini joto na maji vilikuwepo, na aliyevigundua ni gurudumu bovu. Mwaka 2009 Spirit kikazama kwenye mchanga, na safari hii hakikutoka.

Na kwa vile nimetaja Songwe: wangapi mmefika Mbozi kukiona Kimondo? Mkono juu. Wachache mno, aibu kwenu, nauli yenyewe si kitu. Lile pande la chuma lenye urefu wa kama mita 3 lilitoka angani. Basi Januari 2005 Opportunity kilikuta Mirihi jiwe la ukubwa wa mpira wa kikapu linalong'aa tofauti na mengine. Walipolipima, chuma na nikeli. Kimondo! Cha kwanza kutambuliwa juu ya sayari nyingine. Ndugu yake mdogo wa kile cha kwetu, kimelala jangwani, na aliyekiona ni gari lililokuwa linapita.

Kuna kifo kimoja ambacho sitakiruka. Perseverance kilibeba helikopta ndogo inayoitwa Ingenuity. Nayo ilijiongoza kwa kutazama chini, kamera inafuata mawe na alama za ardhi ili ijue inakwenda upande gani na kwa kasi gani. Ilipangiwa kuruka mara tano. Iliruka mara 72. Tarehe 18 Januari 2024 ilikuwa juu ya mawimbi ya mchanga, laini, yanayofanana, mchanga juu ya mchanga. Uchunguzi uliofuata ulisema sababu yenye uzito zaidi ni hiyo: kamera haikupata alama za kutosha za kushika. Ikatua vibaya, mapanga yakavunjika. Haikuishiwa nguvu, wala haikupigwa na dhoruba. Ilikosa jiwe.

Sasa inatosha kunisikiliza. Mbele yenu kuna trei yenye mchanga wa mto, na kigari ambacho vijana wa mwaka wa pili wametengeneza kwa mota ya redio mbovu, waya wa uzio na magurudumu ya ndala. Mzingo wa gurudumu nimeupima kwa uzi: sentimita 20. Tumepaka chaki alama moja ubavuni. Mizunguko kumi ni mita mbili, kwa mujibu wa gurudumu. Mkuu wa chuo atainua trei kwa upande huu, kidogo tu, kama mwinuko wa Iwambi.

Wewe wa nyuma mwenye sweta la bluu, ndiyo wewe uliyesinzia tangu Lunokhod, njoo uhesabu mizunguko kwa sauti. Dada, shika futi kamba. Nani ana jiwe? Liweke hapo, pembeni ya tairi la nyuma. Ninyi wawili mtazame jiwe tu, hata kigari kikipiga kelele kiasi gani.

Haya, washa.